Kitanzi Kilichoachwa Wazi

Asubuhi hiyo pini ilikuwa mezani peke yake, imefungwa vizuri, na kofia ilikuwa imekwisha.

Chapuchapu alisimama na kikombe cha chai mkononi, akaitazama. Hakuimaliza yeye. Jana yake, Jumapili, uzi ulimwishia akiwa amebakiza kitanzi kimoja, kimoja tu jamani, na uzi uliotakiwa haukuzidi urefu wa kidole. Akasonya, akakichoma kile kitanzi pini ili kisifumuke, akaenda zake kulala. Sasa kitanzi kilikuwa kimefungwa na ncha ya uzi imefichwa kwa ndani, kazi ya mtu anayejua anachofanya. Ila uzi wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa wa kijivu kilichochuja, rangi ya maji yaliyooshea vyombo, na alipougusa aliuona una uvuguvugu.

"Wewe ndiye umemalizia hii kofia?" alimuuliza mdogo wake, aliyekuwa mlangoni anavaa viatu.

"Mimi na sindano wapi na wapi, dada?" mdogo wake alijibu. Yeye alikuwa msusi wa nywele, saluni ya mtaa wa pili. "Mimi nahangaika na vichwa. Kofia zenu mnajuana wenyewe."

Basi hapo ndipo angeitia motoni. Lakini nani anachoma kofia nzuri kwa kosa la kukwisha? Mtu ana haraka, chai inapoa, mtoto bado anatafuta soksi moja chini ya kitanda. Akajiambia labda aliimalizia mwenyewe kwa usingizi akasahau. Na tuseme ukweli, alifurahi kukuta kazi imekwisha.

Jina la Chapuchapu alipewa kazini. Kilikuwa kiwanda kidogo cha sweta za shule, vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya umeme, wanawake sita na mashine mbili zilizokuwa zikiharibika kwa zamu, kwa hiyo shingo na mikono ya sweta ilifumwa kwa sindano za mkononi. Hakuna aliyemfikia kwa kasi. Wenzake wakiwa kwenye kiwiko, yeye anafunga mkono wa pili, mdomo nao haujanyamaza. Mabaki ya uzi mafundi waliruhusiwa kwenda nayo nyumbani, vipande vya maruni, kijani, bluu na manjano ya rangi za shule mbalimbali, na yeye alikuwa na mfuko wake umejaa hadi zipu haifungi.

Mkubwa wao aliitwa Bibi Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda msibani. Huyo alikuwa na sheria moja tu isiyo na mjadala: huondoki na kitanzi wazi. Ukisimama, hata kama ni kwenda kula, unarudisha kazi yote kwenye sindano na ncha ya sindano unaichomeka kizibo. Ukibakiza kimoja na uzi umekwisha, kifunge kwa uzi wowote, hata wa gunia.

"Ukikiacha wazi unamwachia nani?" aliwauliza wafanyakazi wapya. Wao walicheka. Yeye hakucheka hata siku moja.

Chapuchapu alidhani mama wa watu anaogopa sweta zisifumuke, hasara. Na sheria ya kazini ni ya kazini. Nyumbani kwake, Jumapili, miguu juu ya kochi, nani wa kumpigia kelele?

Kofia ilikuwa ya mwanawe, msichana wa miaka sita ambaye ukoo mzima ulimwita Maswali. Mnaelewa kwa nini. Mama, samaki wakilia nani anajua? Mama, ulinijua kabla sijazaliwa au tulikutana hospitali? Mama, kivuli kikichoka kinakaa wapi? Baba yake alifariki mtoto akiwa bado hajaanza kutembea, na tangu hapo nyumba ilikuwa ya watu watatu, na kelele zote za nyumba hiyo zilikuwa za huyu mmoja. Kuna siku Chapuchapu alimwomba anyamaze dakika tano tu, nusu kwa utani nusu kwa kuchoka. Baadaye angeikumbuka siku hiyo akajichukia.

Mtoto aliomba kofia ya sungura, kwa kuwa asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Chapuchapu alianza utosini, akashuka kuelekea kwenye paji la uso. Uzi wa maruni ulitosha sikio moja, sikio la pili likawa la kijani na fupi. Pua ya manjano. Macho vifungo viwili visivyolingana. Sharubu aliziweka kwa kupitiwa, na kisogoni akaning'iniza mkia wa bluu.

"Huyu mnyama gani sasa?" msusi aliuliza, akashika mbavu kwa kicheko.

"Sungupaka," Maswali alisema, kama vile kila mtu anamjua. "Mama, sungupaka anakula nini? Ana meno? Akiota ndoto anaota kwa sikio lipi?"

Mistari arobaini na minane. Fundi huwa hasahau.

Jumatatu mtoto aliivaa shuleni, akarudi nayo, akala nayo. Jumanne asubuhi Chapuchapu aliishika ili aikung'ute vumbi, akaona ukingoni mstari mmoja wa kijivu, umezunguka kofia nzima. Akahesabu. Arobaini na tisa. Akahesabu tena kwa kidole, akianzia chini ya sikio la kijani. Arobaini na tisa.

"Mdogo wangu, huu utani sasa basi," alisema jioni.

"Utani gani?"

Jumatano ilikuwa hamsini na mmoja. Alipoinua kofia aipeleke puani, ilinuka sufu mbichi iliyosogezwa karibu mno na moto.

Siku hiyo hiyo Maswali alirudi kutoka shuleni akakaa kwenye kiti cha jikoni, miguu inaning'inia, na hakuuliza kitu. Chapuchapu alikuwa anamenya viazi. Alimenya kimoja, akamenya cha pili, akajikuta anasubiri. Jikoni palikuwa kimya hadi alisikia maganda yakidondoka kwenye beseni. Shule ilikuwaje? Nzuri. Umecheza na nani? Na wenzangu. Basi. Akafikiria moyoni kwamba viazi hivi vinahitaji kisu kingine, hiki kimekuwa butu, sijui kile kidogo nilikiweka wapi.

"Kipo kwenye droo ya pili," mtoto alisema. "Chini ya kitambaa."

Msusi, aliyekuwa anaingia na mkate, alisimama. "Umemuuliza nini?"

"Sijamuuliza kitu," Chapuchapu alisema polepole.

Kisu kilikuwa kwenye droo ya pili, chini ya kitambaa.

Alhamisi mistari mitatu ilikuwa imeongezeka kwa mpigo mmoja, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na haikuvulika. Kwanza alivuta taratibu, akicheka cheka ili asimtishe mtoto. Akavuta tena. Mtoto akainuka na kofia yake kutoka kitini, shingo imenyooka. Msusi akaja, akapitisha vidole chini ya ukingo kama anavyofanya kwa wateja wake, akaguna.

"Dada. Nywele za mbele zimesukwa humu. Zimesukwa na uzi."

"Lete mkasi."

Alikata kitanzi kimoja tu. Mtoto hakulia. Alishusha pumzi, ya mtu aliyeudhiwa akiwa kazini, na pale mkasi ulipogusa likatoka tone la damu, likatelemka juu ya jicho la kifungo. Chapuchapu akautupa mkasi sakafuni. Akamkumbatia mwanawe, akamwomba msamaha, akambusu mashavu ambayo bado yalikuwa wazi. Mashavu yalikuwa ya baridi. Shuleni akatuma ujumbe kwamba mtoto ana homa.

Ijumaa hakwenda kazini. Alisema atakaa amtazame, macho kwa macho, mchana kutwa, aone huo mstari unaingiaje. Akamkalisha dirishani kwenye mwanga, akaweka kiti mbele yake, akakaa. Saa tatu, saa nne, hakuna kitu. Nje watu walikuwa wanapita na mizigo yao, redio ya jirani inatangaza mpira, jua limejaa chumbani hadi kwenye pembe. Saa sita akasikia maziwa yanachemka jikoni yanataka kumwagika, akakimbia kuyaepua, hatua nane kwenda na nane kurudi, na ni hapo jikoni, mkono ukiwa bado umeshika sufuria, ndipo alipousikia mlio kutoka kule chumbani, ule mlio mdogo mkavu wa sindano mbili zinazopigana, kichi-kichi, kichi-kichi, mwepesi, usiokosea, na kilichomtisha hakikuwa mlio wenyewe bali mwendo wake, kwa sababu ulikuwa mwendo wa mikono yake mwenyewe, kasi ileile iliyompa jina, ule mpumuo mfupi anaouweka baada ya kila vitanzi vinne ambao hakuna mtu mwingine kiwandani aliyekuwa nao, na harufu ya sufu iliyoungua ilikuwa imejaa koridoni akawa anatembea ndani yake huku mkono umeziba pua, hadi akafika mlangoni akaona.

Mtoto alikuwa palepale, kwenye jua, mikono mapajani. Sindano hazikuwepo. Ukingo wa kofia ulikuwa unatembea. Kitanzi kilizaliwa, kikakaza, kikazaa kingine, kuzunguka kichwa, juu ya macho sasa.

"Mwanangu," alinong'ona. "Unaona?"

"Naona."

"Unaona nini na macho yamefunikwa?"

"Naona umeacha maziwa yakapoa," ile sauti ilisema. Ilikuwa ya Maswali, lakini haikupanda mwishoni kama alivyozoea, kama sauti ya mtu anayetaka kujua. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua tayari.

Akapiga magoti. Akashika ukingo kwa kucha mbili, akauinua kidogo sana, ukubwa wa punje ya mchele. Alitaka kuona ngozi ya paji la uso la mwanawe. Aliiona. Ilikuwa imejipanga vitanzi vidogo vidogo, mstari chini ya mstari, ngozi ya mtoto, ina joto, ina vinyweleo vyake, na imefumwa. Hakupiga kelele. Aliurudisha ukingo mahali pake taratibu, akatoka nje hadi kwenye karo la kufulia, akatapika.

Jumamosi asubuhi alikuwa nyumbani kwa Bibi Futi kabla hajaamkia mtu yeyote. Alieleza yote kwa kunong'ona, wamesimama mlangoni. Bibi Futi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Ulifunga cha mwisho?"

Chapuchapu aliinamisha kichwa.

"Nimekuuliza, binti yangu."

"Nilikichoma pini, Bibi. Uzi uliniishia."

"Uzi ulikuishia." Bibi Futi aliishika futi yake shingoni kwa mikono miwili. Alikuwa ameogopa, mwanamke yule anayeogopwa hata na wenye duka. "Mimi sheria nilifundishwa na aliyenifundisha kazi. Naye alikuwa na vidole viwili mkono mmoja, hatukuwahi kumuuliza. Dawa mimi siijui. Lakini namjua anayejua, yuko mbali kidogo, atafika Jumatatu. Inaongeza mistari mingapi kwa siku?"

"Ilianza mmoja. Halafu miwili. Mitatu. Jana minne."

Wote wawili walikuwa mafundi, wakahesabu kimya kimya. Jumamosi mitano, Jumapili sita, Jumatatu saba. Jumanne ukingo ungepita kidevu.

Siku mbili hizo sitazieleza zote. Msusi alihamia kulala chumba kimoja na dada yake na taa ikiwaka. Mtoto alilishwa uji kwa kijiko, akameza, akajibu. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo, kujibu. Walikoma kuwaza mbele yake kwa sababu kila walichowaza kilijibiwa. Jumapili msusi alikaa kwenye ngazi akilia, akimfikiria mwanaume fulani ambaye hajawahi kumtaja kwa mtu, na sauti ikatoka dirishani: "Hapana. Hatarudi." Msusi akafuta machozi kwa hasira. Chapuchapu alimwambia mwanawe, au yule aliyekuwa ndani ya mwanawe, niulize kitu, mwanangu, chochote, niulize kwa nini nalia. Kofia ilikuwa imefika puani. Haikuuliza.

Mganga alifika Jumatatu mchana, mwanamke mnene mwenye mafua, akiwa na kiti chake cha kukunja kwapani.

"Viti vya watu sijui vimekaliwa na nani," alisema, akapenga kamasi, akakaa. Alimtazama mtoto kitandani, kofia imeziba mdomo na sasa inapumua kwa ndani, inaingia na kutoka. Akaacha mzaha. Aliwasha ubani kwenye kisahani, akanong'ona maneno yake kwa muda mrefu, na moshi ulipomfikia mtoto ukakata kona.

"Wewe ni nani?" mganga aliuliza.

"Fundi," sauti ilijibu, imezibwa na sufu.

"Nani kakuita?"

"Kazi. Iliachwa wazi, nimeikuta, naimalizia."

"Toka ndani ya mtoto."

"Fundi hatoki katikati ya kazi. Muulize huyo, anajua."

Chapuchapu alijua, na alichukia kwamba anajua.

"Ukimaliza?" mganga aliuliza.

"Nachukua kilicho changu."

"Kofia chukua hata sasa."

"Kofia na kilichomo. Vimekwisha kuwa kitu kimoja."

Msusi akatoa sauti, akajiziba mdomo. Mganga alifikicha macho. Akawasogeza wale dada wawili hadi mlangoni, akashusha sauti.

"Sikilizeni, mimi si wa kudanganya watu. Huyu hafukuziki. Ningekuwa na wiki mbili labda. Hafukuziki lakini anahamishika. Anapenda kazi iliyo wazi. Mpeni nyingine, iliyo bora kuliko hii, ataiacha hii akaifuate."

Chapuchapu alikimbilia mfuko wake wa kazi, akatoa sweta mpya ya shule, akakata ukingo, akafungua kitanzi, akaiweka kitandani karibu na mkono wa mtoto. Wakasubiri. Kichi-kichi ilisimama. Sweta ikajikunja kidogo, kana kwamba inapapaswa.

"Baridi," sauti ilisema. "Haina mtu." Kichi-kichi ikaendelea.

Wote wakaelewa: ilitakiwa nguo iliyovaliwa. Msusi alikuwa amevaa gauni jepesi la kazini, na alianza, "Dada, mimi naweza—"

"Nyamaza," Chapuchapu alimwambia. "Wewe hata kufunga ukingo hujui."

Yeye mwenyewe alikuwa amevaa sweta ya bluu aliyojifumia mwaka uliopita. Akaketi kando ya kitanda. Alifikiri haraka, maana ndivyo alivyoumbwa, lakini alifikiri sawasawa: shingoni hapana, kiunoni hapana, mkono wa kulia ndio unaofuma. Akanyoosha mkono wa kushoto, akakata ukingo wa sweta pale kwenye kifundo cha mkono, akavuta uzi, akakitoa kitanzi kimoja kikasimama wazi kama mdomo wa kifaranga.

"Hii ina mtu," alisema. Akausogeza mkono karibu. "Hii ina joto. Chukua."

"Ni mkono wa nani?"

"Wangu."

"Unajua nafuma vipi?"

"Najua. Unafuma vizuri." Ilikuwa kweli, na hilo lilimuuma kuliko vyote, kwamba hata pale alipokuwa anatapika kwenye karo, jicho lake la fundi lilikuwa limeona jinsi vile vitanzi vilivyolingana.

Kichi-kichi ilisimama. Kisha kitu kikampanda mkononi, hakikuwa na uzito, kilikuwa na uvuguvugu tu, na harufu ya sufu iliyoungua ikamjaa kinywani. Kitanda kikatikisika. Kofia ikaanza kujifumua yenyewe, mistari ya kijivu ikianguka mmoja mmoja, mdomo ukatokea, pua, macho mawili yaliyofumba, paji la uso lenye vitanzi vyake, hadi ulipofikiwa mstari wa arobaini na nane na kofia ikalegea ikadondoka kwenye mto wa kulalia. Mganga aliidaka kwa koleo la mkaa, akatoka nayo mbio kwenda kuichoma, na kile kiti chake kikabaki kimeanguka.

Mtoto alikuwa anapumua. Chapuchapu alimkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka mbali, nyuma ya mgongo wake.

Mganga alipokuwa anaondoka alimweleza Chapuchapu wazi. Usiivue, usiikate. Atachukua kile ulichomwonyesha, basi. Akimaliza mkono asikute kitanzi kingine wazi humu ndani. Na mtoto? Ngozi itarudi. Maneno sijui, yanaweza kurudi, yanaweza yasirudi, sikudanganyi.

Ngozi ilirudi. Siku ya tatu paji la uso lilikuwa laini, limebaki na michirizi hafifu karibu na nywele. Lakini Maswali hakuuliza kitu. Aliletewa chakula akala, aliambiwa lala akalala. Alikaa dirishani akitazama watu wa barabarani na macho yake hayakumfuata yeyote. Chapuchapu alimletea vitu vya ajabu makusudi, kinyonga ndani ya kopo, jiwe lenye tundu, saa iliyokufa. Aliviweka mbele yake, akangoja. Mtoto alivitazama, akasema asante.

Na mkono wa sweta ulikuwa unarefuka. Mmoja, miwili, mitatu. Kazini wenzake walimtania kwamba Chapuchapu amekuwa Polepole, na alicheka nao, mkono ameuficha chini ya meza. Bibi Futi hakumtania. Alimpa kazi ya kukunja sweta na kuziweka kwenye mifuko. Hakukuwa na maumivu. Ulikuwa tu mkono unaoanza kusahau, kwanza kiganja, baadaye vifundo vya vidole, na kila alipoweka sikio karibu aliisikia kazi ikiendelea humo ndani, kichi-kichi, na ule mpumuo baada ya vinne. Alikuwa na wasiwasi usiomkalisha chini. Aliamka usiku, akafunga madirisha, akakagua kila nguo ya mtoto, kila shuka, kila ukingo, akafunga kila uzi uliolegea mafundo mawili mawili.

Asubuhi ya siku ya nane alimkalisha mwanawe katikati ya magoti yake ili amchane nywele. Msusi alitaka kumsaidia, akakataa. Alitaka kufanya hivyo yeye mwenyewe maadamu bado inawezekana. Kitana kilikuwa mkono wa kulia. Wa kushoto, uliofichwa ndani ya sweta, ulishika kichwa cha mtoto, ile ncha ya bluu iliyogeuka kijivu ikimgusa mtoto shavuni kila anaposogea.

Mtoto akaigeukia. Akaishika ile ncha kwa vidole viwili, akaikunja juu taratibu, akachungulia. Chapuchapu hakuwahi kumzuia. Maswali alitazama kwa muda mrefu kilichokuwa humo, mistari iliyopangwa vizuri hadi mwisho, laini, isiyo na kosa hata moja. Kisha akainua uso, nyusi zimepanda.

"Mama, kucha zako zimekwenda wapi?"

Chapuchapu alimkumbatia, akacheka hadi machozi yakamtoka. Lilikuwa swali.